Mume wa Nyamusa

Nyamusa alizikwa wiki tatu zilizopita, upande wa Walikale, katika kiwanja cha baba yake, kama alivyotaka mwenyewe. Nilifika siku ya pili ya matanga kwa sababu barabara ya kushuka kutoka Masisi ilikuwa imekatwa na maji mahali pawili, na mwenye pikipiki alinishusha nivuke kwa miguu, mimi mwenye umri huu. Waliniwekea kiti, kiti pekee chenye mgongo. Wengine wote walikaa kwenye mikeka. Mzee mmoja wa ukoo akawaambia vijana mimi ni nani: akushezi, yaani mkunga wa kusomea, na wa kwanza mwenye diplome katika vilima vyetu, mtu aliyewapokea baba zao na mama zao kutoka tumboni. Ni kweli, na sikuona sababu ya kuinamisha kichwa. Kisha wakaniomba niseme jinsi nilivyojuana na marehemu. Nikasema tulikutana ujanani katika hospitali ya wanawake ng'ambo ya mpaka, upande wa Ruanda. Kwamba yeye alikuwa mgonjwa na mimi mwanafunzi. Kwamba tulipendana kama dada. Wakaitikia kwa vichwa. Hayo nayo ni kweli, lakini ni kama kusimulia safari kwa kutaja mahali ulipoanzia na mahali ulipofikia tu. Kwa miaka arobaini ya kazi nimeandika ripoti kamili. Nitaandika na hii.

Sitaeleza nilizaliwa na nani. Inatosha kusema natoka Karuba, ambako watu hulima viazi na kuchunga ng'ombe, na kwamba hakuna aliyenishika mkono. Nilijifunza kusoma nikifua nguo za masera, watawa wa misheni, kitabu kikiwa wazi juu ya jiwe la kufulia. Wenzangu wa rika walipokuwa wakitolewa mahari, mimi nilikuwa nakariri majina ya mifupa ya nyonga kwa Kifaransa. Masera walitafuta wasichana wawili wa kupeleka Ruanda kusomea uakushezi. Walimpata mmoja aliyeweza kuandika imla bila kosa, na wa pili hakupatikana. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Ruanda ilikuwa nchi nyingine ingawa Wabelgiji walikuwa walewale, na pale Goma nilionyesha karatasi yangu ya ruhusa, nikavuka na kikapu kimoja.

Hospitali ilikuwa juu ya kilima, ya matofali mekundu, imezungukwa na mikaratusi, na harufu ya majani yake ilichanganyika na ya sabuni hata usijue ipi inatoka wapi. Ilikuwa na nyumba mbili za kulala. Nyumba ya mbele ilikuwa na vitanda vya chuma na mashuka meupe. Humo walilala wanawake wenye waume, na Jumapili waume walikuja wakasimama mlangoni na kofia mkononi. Nyumba ya nyuma ilikuwa ya wanawake wasio na waume. Kule walilala kwenye mikeka, na chakula kilikuwa kilekile, maharage na viazi vitamu, ila kilipelekwa baada ya nyumba ya mbele kumaliza, kikiwa kimepoa. Masera hawakuwa wakatili. Waliamini chakula baridi kinafundisha. Sisi wanafunzi tulikuwa tisa, na mimi peke yangu nilitoka Kongo. Wenzangu walinitania kwa Kinyarwanda, lugha ninayoisikia vizuri tangu utotoni. Aliyezidi alikuwa Konsolata, msichana mrefu, mwepesi wa ulimi. Mezani alipenda kuniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza, "Odeta, kule kwenu nyani mnamla kwa mikono au kwa uma?" Na mimi nilimjibu jibu ambalo leo naliona aibu kuliandika: "Kwetu Karuba tunakunywa maziwa kama ninyi. Hao unaowasema ni watu wa msituni, wa Walikale."

Nyamusa alifika msimu wa mvua, kwa kamio, lori la mizigo. Shangazi yake aliyemsindikiza alirudishwa mpakani kwa kukosa karatasi, basi alishuka peke yake, na kikapu cha matete na tumbo la miezi sita. Alikuwa na miaka ishirini hivi, sawa na mimi. Mkononi alishika barua ya mwuguzi wa kambi ya wajenga barabara kule Walikale: mtoto wake wa kwanza alifia tumboni baada ya siku tatu za uchungu, nyonga ni nyembamba, huyu wa pili hatapita bila mama kupasuliwa. Masera mkubwa akauliza nani anasikia lugha ya watu wale. Niliinua mkono kabla hajamaliza kusema. Kihunde chetu na Kinyanga chao ni majirani. Nilishika maneno saba kati ya kumi, na matatu yaliyobaki alinisaidia kwa Kiswahili cha barabarani. Masera nilimwambia ninaisema lugha hiyo kama yangu.

Tukakaa kwenye meza ya maandikisho, fishi yake, karatasi ya mgonjwa, mbele yangu, Konsolata akiwa nyuma yetu anakunja taulo. Nikauliza jina, nikauliza kijiji. Kisha nikauliza, "Bwana yako ni nani?"

"Kahombo," akasema.

"Anafanyaka kazi gani?"

Akacheka kidogo. "Kazi gani? Njo analetaka nyama mu mutego wa baba. Anachunga nyumba."

"Anaishi wapi?"

"Nyuma ya nyumba ya baba. Tulimujengea."

Kalamu yangu ikasimama, kwa maana nilikuwa nimeelewa. Kwa Wanyanga, baba anaweza kumwoza binti yake kwa mzimu, na Kahombo ni mzimu wa bahati njema. Msichana huyo hatoki kwa baba yake, hakuna anayemtolea mahari. Akimpenda mwanamume atampokea, lakini watoto atakaowazaa ni wa nyumba ya baba yake na wanabeba jina la nyumba hiyo. Kwao si aibu hata kidogo. Ni mke mwenye heshima, na nyumba isiyo na mtoto wa kiume haizimiki. Hata kwetu Wahunde mambo ya namna hiyo yalikuwepo, ila sisi wa misheni tuliyasikia kwa minong'ono tu. Na huyu aliyasema kwa sauti ya kawaida, mchana, mbele ya masera, kana kwamba amesema mume wake ni seremala.

Nikaandika: Mume, Kahombo. Kazi, mwindaji. Makao, Walikale. Masera mkubwa akaisoma fishi, akanisifu kwa mwandiko wangu, akampa Nyamusa kitanda cha sita, nyumba ya mbele. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilifanya vile ili asilale kwenye mkeka akala chakula baridi. Sehemu ni kweli. Sehemu iliyo kubwa zaidi ni kwamba Konsolata alikuwa amesimama pale na taulo zake, na sikutaka kuisikia habari ya mume asiye mtu kila siku mezani mpaka mwisho wa masomo.

Miezi iliyofuata nilikuwa naye kila alasiri, kwa amri ya masera kwanza, baadaye kwa kupenda. Tulikaa kwenye baraza upande wa jua, yeye akisuka, mimi na kitabu changu. Hakuvumilia chakula cha pale. Alisema viazi vitamu bila mawese ni kama kula udongo, basi nilimwomba dereva mmoja wa kamio aniletee chupa, na siku ilipofika Nyamusa alimimina mawese mekundu juu ya kiazi, akala amefumba macho, na wanawake wa vitanda vya jirani wakaja na sahani zao. Alikuwa mcheshi kuliko nilivyotarajia. Nilipomsomea majina ya mifupa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mifupa yote iko na jina. Lakini wale bamama ba nyumba ya nyuma, munawaitaka tu 'weye'." Siku nyingine aliwatazama masera wakipita kwenda kusali, akaniuliza pete ile vidoleni mwao ni ya nini.

"Ni ya ndoa," nikamwambia. "Wameolewa na Yesu."

"Anakuyaka kuwaona?"

"Hapana. Ni kwa roho tu."

Akafikiri, mikono yake ikiendelea kusuka. "Basi tuko sawasawa na miye," akasema. "Ila miye nilimujengea."

Sikucheka. Niligeuka kuangalia kama kuna aliyesikia. Leo, nikiwa mzee na nikiwa nimesali na masera maisha yangu yote, nadhani hakuna mtu aliyewahi kusema kwa heshima zaidi kile wanawake wale walichokuwa. Lakini wakati ule nilimwambia asirudie maneno hayo, akashangaa, lakini hakuyarudia.

Ni kwenye baraza hiyo aliponieleza habari ya nyumba yao. Baba yake, Papa Bitasimwa, alikuwa na mabinti wawili tu, yeye na mdogo wake Bunyere. Bunyere alikuwa na mchumba wa upande wa Ngungu. Vikwembe, vitambaa vya kujifunga vya arusi, vilikuwa vimeletwa, siku za arusi zinasogea. Bunyere ataondoka, Nyamusa atabaki, na watoto wa Nyamusa ndio watakuwa nyumba. "Wa kwanza alikuwa mwanaume," alisema. "Baba alikuwa amekwisha kumupatia jina. Sasa jina iko pale tu, inangoya." Alishika tumbo kwa mikono miwili. "Huyu ni wa pili. Nitamuzalia ba tano, sita. Baba atachoka na kelele."

Daktari alipanga kumpasua kabla uchungu haujaanza. Hapo ndipo nilipoisikia sheria ya hospitali kwa mara ya kwanza: mwanamke mwenye mume hapasuliwi mpaka mume atie kidole chenye wino kwenye karatasi. Barua ikaandikwa kwa mkuu wa teritware, yaani wilaya, kule Walikale, amtafute mwindaji anayeitwa Kahombo. Mimi mwenyewe niliipeleka kwenye gari la posta. Niliwaza barua itapotea njiani, halafu daktari atapasua tu. Wiki tatu zikapita. Katika wiki ya nne alikuja mwanamke wa nyumba ya nyuma, naye wa kupasuliwa, nikashika karatasi yake wakati masera anamshikisha kidole chake mwenyewe kwenye wino. Nikauliza, kwa sauti ya mwanafunzi mwenye bidii, kwa nini huyu hangojewi. "Huyu hana mume," akasema masera. "Asiye na mume anajitilia mwenyewe."

Kwa hiyo nilijua. Kuanzia siku ile nilijua kwamba kilichokuwa kinamzuia Nyamusa kisu cha daktari ni maneno yangu matatu kwenye fishi. Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya masera mkubwa mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta na mgeni, nikashukuru. Mara ya pili alikuwa peke yake, na juu ya meza yake nikaona orodha ya watakaofanya mtihani, jina langu la kwanza kabisa. Kuharibu maandikisho ya hospitali kulikuwa na adhabu moja, kufukuzwa. Nikaomba ruhusa ya kwenda kuteka maji, nikaondoka. Jibu la Walikale lilikuja wiki ya sita: mtu huyo hajaonekana katika vijiji vya kando ya barabara, anaendelea kutafutwa msituni. Masera mkubwa akalisoma kwa sauti, akasema tungoje. Nyamusa akaniuliza, "Wanangoya nini?" Nikamwambia wanangoja karatasi. Aliamini karatasi yoyote mkononi mwangu.

Uchungu ulimshika mapema, asubuhi ya Jumanne, wiki ya saba. Kutwa nzima tulimsaidia kwa njia ya kawaida. Jumatano asubuhi mtoto alikuwa palepale. Daktari, mwanamume mwenye nywele za mvi na mikono ya kutetemeka ila anapofanya kazi, alisimama miguuni pa kitanda. "Mume hajapatikana," akasema masera mkubwa. Daktari akasema kwamba aliwahi kumpasua mke wa mtu bila kidole cha mume, na mume yule alimfikisha mahakamani, hawezi kurudia. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Mimi nilikuwa na viganja vyangu juu ya tumbo la Nyamusa. Chini ya kitovu nilihisi ule mkanda mgumu unaokaza tumbo katikati, ambao kitabu kilisema akushezi akiuhisi asisubiri hata kuvaa viatu, kwa sababu baada ya mkanda huo tumbo la uzazi linapasuka lenyewe. Nyamusa hakupiga kelele. Alinitazama, akasema, "Odeta, uwaambie huyu naye anachoka."

Nikasema kwa Kifaransa, "Masera, hana mume."

"Fishi inasema anaye."

"Fishi niliiandika mimi. Kahombo si mtu. Ni mzimu wa kwao. Nililijua hilo siku ileile."

Nyuma yangu kitu kilianguka chini. Nadhani ni beseni la Konsolata. Daktari alikuwa ameshatoka dirishani. "Basi ajitilie mwenyewe," akasema, na wino ukaja. Nilikishika kidole cha Nyamusa nikakikandamiza kwenye karatasi, wala hakuuliza ni nini. Tangu nifungue mdomo mpaka apelekwe chumba cha kisu zilipita dakika chache sana. Tulikuwa tumengoja wiki saba.

Mtoto alitoka hai, msichana, mzito, mwenye hasira. Tumbo la uzazi lilikuwa limekwisha kuchanika upande mmoja, na daktari hakuweza kulishona. Alilitoa ili mama aishi. Nyamusa alipopata nguvu za kusikiliza, daktari alikuja kumweleza, na mkalimani nilikuwa mimi. Nikamwambia hatazaa tena. Akaangalia dari, mtoto ananyonya. Kisha akauliza, "Juu ya nini?" Nikatafsiri. Daktari akajibu bila kunitazama kwamba uchungu ulidumu mno. "Ni juu uchungu ilikuwa murefu," nikamwambia. Hakuna neno la uongo katika jibu hilo.

Masera mkubwa aliniita ofisini wiki iliyofuata. Aliniuliza tangu lini nilijua kwamba asiye na mume hujitilia kidole, nikamwambia ukweli. Akaigeuza pete yake kidoleni. "Mtihani utaufanya," akasema, "kwa sababu wanawake wanaihitaji mikono yako. Diplome yako itakaa kwenye kabati langu. Utamsindikiza mgonjwa wako mpaka kwa baba yake, na utawaambia wote wawili, kwa lugha yao. Kisha utarudi uniambie walisema nini."

Nilikuwa wa kwanza katika mtihani. Konsolata alikuwa wa nne. Naliandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu hupenda kufikiri kwamba aliyekosa lazima pia alikuwa mjinga. Sikuwa mjinga. Nilikuwa mwanafunzi bora kuliko wote waliopita katika hospitali ile mpaka siku hiyo, na nilimfanyia rafiki yangu vile.

Tuliondoka msimu wa jua, mtoto mgongoni kwangu kwa sababu Nyamusa hakuruhusiwa kubeba. Pale Kingi kamio lilisimama kupoza injini, na wanawake waliotoka mashambani walikuja kumwangalia mtoto. "Anafanana na weye," mmoja akaniambia, na Nyamusa akacheka akishika kidonda chake kwa mkono. "Ni wake," akasema, "miye nilisaidia tu kumubeba." Kadiri tulivyoteremka kutoka vilima vya Masisi na miti ikizidi kuwa mirefu, ndivyo alivyozidi kusimulia, na mimi kunyamaza. Nilijua kwamba hakuna mtu kule Ruanda anayeisikia lugha yao. Ningeweza kunyamaza mpaka mwisho, nikarudi nikatunga maneno yoyote, na diplome ningeipata.

Papa Bitasimwa alikuwa mtu mwembamba, mwenye haraka. Jumapili alikaa kwenye benchi la mbele la kapela, na siku zingine alipeleka chakula kwenye kijumba kidogo cha majani nyuma ya nyumba, na sikuona kama mambo hayo mawili yanagombana moyoni mwake. Nyamusa, kabla ya kuingia ndani, alikwenda na mtoto kwenye kijumba hicho, akakaa huko kidogo. Tukapikiwa ndizi, nyama ya kukaushwa moshini na uyoga uliofungwa kwenye majani. Bunyere ndiye aliyetunawisha mikono, amevaa kimoja cha vikwembe vya mchumba wake. Baba alimpakata mjukuu, akawa anasema naye kama mtu mzima. "Wa kwanza kuishi ni mwanamuke, ni muzuri," akasema. "Atachunga bale watakaokuya nyuma yake."

Nikasema, "Papa, hapatakuya wengine."

Nikawaeleza yote. Nilieleza swali la meza ya maandikisho na jibu la Nyamusa, nilichoandika, barua iliyotumwa, siku niliyoijua sheria, mlango wa ofisi mara mbili, wiki saba. Nilitumia Kihunde, na palipokuwa na hatari ya kutoeleweka nilirudia kwa Kiswahili, ili nisijifiche kwenye lugha. Nilipomaliza, Papa Bitasimwa aliuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa na haya ya nani? Ya Kahombo, ao ya siye?"

"Ya wenzangu, Papa. Niliogopa watanicheka."

Akaitikia polepole, kama mtu aliyeambiwa njia ya kwenda mahali asipotaka kwenda. Akamrudisha mtoto kwa Nyamusa, akatoka nje, akasimama tu kwenye kiwanja. Bunyere alikuwa bado ameshika chombo cha maji. Nyamusa ndiye aliyesema, na hakupaza sauti.

"Siku ile nilikutajia bwana yangu bila haya. Weye njo ulipata haya. Haya yako njo iliingia mu tumbo yangu."

Kesho yake walinipa maji ya moto na chakula cha njiani, kwa sababu mgeni ni mgeni, na yeye hakutoka ndani. Nilirudi Ruanda, nikasimama mbele ya masera mkubwa, akaniuliza walisema nini. Nilimtafsiria swali la baba na maneno ya binti, neno kwa neno, nikitafuta kila moja mpaka nipate linalolingana, na nilipofika kwenye tumbo nilianza sentensi upya toka mwanzo. Masera akafungua kabati. Nilikuwa nimengojea karatasi ile tangu siku za jiwe la kufulia, na niliipokea kwa mikono miwili bila kuisoma.

Mwaka ule kwangu haukuishia mwezi wa kumi na mbili. Nilirudi Masisi nikapewa kazi kwenye materinite, nyumba ya wazazi, na watu wakatoka mbali kuja kumwona msichana wa Karuba mwenye diplome. Niliuliza habari za Walikale kwa kila dereva. Mmoja akaniambia kwamba arusi ya Bunyere ilivunjika na vikwembe vilirudishwa Ngungu. Sikuuliza sababu. Karibu mwaka mmoja na nusu baada ya safari ile, asubuhi ya siku ya soko, nikainua macho kutoka mezani nikamwona Nyamusa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Alikuwa amemshikilia Bunyere kwa mikono miwili. Bunyere alikuwa na tumbo la kuzaa, amekunja uso.

"Odeta," akasema.

"Karibu, Nyamusa."

"Uchungu ilimushika mu kamio. Kule kwetu iko anfirmie, ule mwuguzi wa kambi. Nilimukatalia."

Nikachukua fishi mpya. Benchi lilijaa wanawake waliokuja kupimwa, na mwuguzi mmoja, kijana aliyetoka Goma na aliyependa kuniita Mama Diplome, alikuwa anapanga dawa kando yangu. Nikauliza jina, ingawa nililijua. Nikauliza kijiji. Kisha nikauliza kwa sauti ile niliyomwulizia kila mtu, "Bwana yake ni nani?"

Nyamusa aliwatazama wanawake wa benchi, akamtazama mwuguzi, akanitazama mimi. "Kahombo," akasema. "Baba alimupatia yeye sasa. Mu nafasi yangu."

Nikaandika, na nilipomaliza nikasoma nilichoandika, polepole, ili wote wasikie. "Hana mume wa kutia kidole. Ameolewa kwa mzimu Kahombo, kwa desturi ya kwao. Mtoto ni wa nyumba ya baba yake, Bitasimwa. Likitokea jambo, atajitilia kidole mwenyewe." Mwuguzi akacheka puani. "Mama Diplome, na hiyo fishi utaituma wapi?" Nikamwambia alete wino na afunge mdomo, akaleta wino.

Bunyere alitia kidole chake kati ya uchungu mmoja na mwingine. Nyamusa alikuwa amesikiliza mpaka neno la mwisho. Hakusema asante, wala sikuingojea. Alinigeuzia mgongo, akainama kidogo ili nifungue kikwembe nimshushe mtoto, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika mdogo wake.